Sentensi ya 2611

Kadutu, juu ya duka la misumari, saa tatu usiku.
Umeme wa Ruzizi umerudi kama mgeni
asiyesema kama atalala au anapita tu.
Tuko wanne na ordinatere mbili, moja haina kifuniko,
feni yake inakohoa.
Mfumo tumepewa bure, pamoja na ruhusa ya kuufumua
mshono kwa mshono, kama koti la mtumba
linalopunguzwa mabega hadi litukae.

Kazi yetu ni maneno. Elfu nne na ushee.
Faili limebaki faili, hapo hatukugombana.
Tarakilishi, alisema Birindwa, aliyesoma vitabu vya pwani,
na Mama Namegabe, mwenye duka,
akauliza huo ni ugonjwa wa nini.
Kipanya kilitumalizia jioni nzima:
panya yeye anamjua, amemlia gunia la unga,
hataki kumshika mkononi hata kwa mfano.
Tuliandika kipanya hivyo hivyo. Akacheka, akakishika.

"Ingia" tulilipenda.
"Toka" lilitutia wasiwasi, linafukuza. Tukaweka "Kwa heri".

Kisha ikaja sentensi ya elfu mbili mia sita na kumi na moja.
Nsimire ndiye aliyekuwa kwenye kinanda.
Aliisoma kwa Kifaransa, haraka,
halafu kwa Kiswahili, neno moja moja:

Mzazi amekufa. Mtoto amebaki yatima. Nimuue?

Na chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.

Feni ikakohoa.
Birindwa akaeleza mbio mbio, kama anayefunika chungu:
ni programu tu, moja imezaa nyingine,
ya kwanza ikizimika ya pili inabaki ikizunguka bure,
inakula kumbukumbu. Ndivyo wanavyosema dunia nzima.
Dunia nzima, alisema Nsimire,
akanyamaza hapo.
Aliingia mji huu ana miaka tisa,
kwa miguu, kutoka upande wa msitu,
amebeba mdogo wake na sufuria.
Sufuria bado anayo.

Tulijaribu.
"Sitisha" lilikuwa baridi kama muhuri wa ofisi.
"Zima" tulikwisha kulitumia kwa mashine yenyewe.
"Maliza", nilisema mimi, na laiti ningemeza ulimi:
hilo, akasema, ndilo walilotumia wao.

Mvua ikaanza. Sote tukasikiliza kwanza mlima,
maana hapa udongo ukitaka kushuka haubishi hodi.
Mugisho, mdogo kuliko sote,
anayesalimu "asinge" hata simu isiyo na salio,
akasema kwao mtoto akililia mama aliye bado sokoni
huambiwa pumzika.
Haambiwi nyamaza. Pumzika.

Programu hii imebaki peke yake. Niipumzishe?

Si sahihi, akasema Birindwa. Kwa ufundi si sahihi,
kinachopumzika huamka, hii haiamki.
Nsimire akasema anajua vya kuamka na visivyoamka.
Akaandika. Akahifadhi.
Umeme ukakatika katikati ya sentensi iliyofuata
na hadi alfajiri hatukujua kama kuna kilichobaki.

Mwezi wa tano hivi, nikishuka ngazi,
nilimkuta Mama Namegabe mbele ya skrini,
daftari lake la madeni limeganda.
Kile kidirisha kilikuwa kimefunguka, kinamuuliza.
Alikisoma akisogeza midomo,
akatazama kushoto na kulia kama anayetaka kuiba,
akasema polepole, kwa ile mashine:
pumzika, mwanangu.
Akabonyeza Ndiyo.
Kisha akarudi kwenye mzani,
misumari ya inchi tatu, kilo kumi na mbili,
na mteja akalalamika kwamba kilo hazikutimia.

Nsimire sijamwambia.