Kadi ya Enanga

Simu yake ilisema: nanga, chuma cha meli.
Bwana Shen akachora meli, akachora mnyororo.
Nikatikisa kichwa. Si nanga. Enanga. Weka e.

Herufi moja tu, na chuma kinageuka mti:
ubao uliofukuliwa kama kihori,
na mshipa mmoja wa ng'ombe
unaokwenda, unaorudi, unaokwenda tena,
mpaka ukiuhesabu unasema ni nane.
Mama Nyanjiga wa Bukindo alituletea kikinuka dagaa.
Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwaanika humo.

Shen akaandika alama moja, kwa wino, polepole.
"Juu wafalme wawili. Chini yao: sasa.
Kwetu hii ni kila chombo chenye nyuzi."
Nikakuna kidevu. Huku mtemi alikuwa mmoja,
na mpigaji alikaa chini, mlangoni,
akimsifu kwa mkono wa kulia, akimsuta kwa wa kushoto.
Na hiyo sasa yetu haina hata nyuzi tatu nzima.

"Basi tufuate sauti," akasema. E. Nan. Ga.
Vumbi. Kusini. Ongeza.
Akaniomba radhi: maneno haya hayamaanishi kitu,
yameazimwa kwa ajili ya mlio.

Feri ya Mwanza ikapiga honi, akakimbia na mwavuli wake.

Nikabandika kadi. Nikafunga mlango kwa ndani.
Nikafuta vumbi kwa kidole,
nikaugeuza ubao, ncha yake kusini,
na pale mshipa ulipokatika
nikaongeza waya wa breki ya baiskeli.

Ikalia. Vibaya,
lakini ilijibu.