Dole la Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

Elfu thelathini na mbili.
Nilizituma nikiwa chini ya trekta,
simu nimeibana kwa vidole viwili, vile visafi,
na kabla sijatoka mvunguni ujumbe ukaingia: Imethibitishwa.
Nyamizi, mweka hazina wa chama cha mpunga hapa Nyanguge,
alikuwa kasimama na daftari lake la jalada jeusi.
"Kitabu kiko wapi?"
Kinakuja, nikasema.
"Na basi gani?"

Hakikuja na basi.
Kilikuja asilimia nne, asilimia tisa, kikakwama.
Bando likaisha. Nikaongeza la jero,
nikapanda jiwe lile la nyuma ya zahanati
ambako mtandao hushika ukisimama kwa mguu mmoja,
ziwa lote mbele yangu likiwa halina haraka,
na huko bondeni miche inazidi kurefuka kitaluni,
siku ya ishirini na sita, ya ishirini na saba.
Mche ukipitisha mwezi kitaluni
huupandi, unauzika.

Saa tisa alasiri: kurasa mia nne na kumi na mbili.
Nikafungua. Mola wangu.
Muuzaji aliapa ni Kiingereza.
Hiki kilikuwa cha watu wengine kabisa,
herufi zina vikofia, zina mikia, zina nukta pasipo haja.
Nikamwandikia. Akanijibu kwa picha ya viganja viwili vilivyokutanishwa;
mpaka leo sijui aliomba radhi au alinishukuru.

Lakini fundi hasomi kwa mdomo.
Ukurasa wa mia mbili na tatu, hedi ya injini
imechorwa wazi kama sato aliyepasuliwa mgongo,
kila mfupa na namba yake,
bolti kumi, na mshale: anzia katikati, zunguka, malizia pembeni.
Miaka kumi na minne nimekaza hedi kwa kukisia,
nikisikiliza spana inavyolia,
na mbili, sitasema za nani, zilirudi zinachemka.

Pembeni mwa mchoro
palikuwa na alama ya dole gumba.
Nyeusi. Ya oili.
Aliyekipiga picha kitabu hakuifuta, au hakuiona.
Mistari yote imo, na kovu limeikata kwa mshazari,
pale pale spana inapoteleza na kumla mtu.
Ninalo langu.
Chini yake, penseli: 95 ya kiwandani
imekatwa kwa mstari mmoja wa hasira,
na juu yake, 88.

Nilikaa kitako juu ya jiwe.
Kiwanda kina wahandisi na makoti meupe.
Dole halina hata jina.
Nikaweka la kwangu juu yake, kupima tu,
simu ikadhani nataka kukuza, ikakuza,
dole likajaa kioo chote,
matuta, matuta, matuta, kama shamba la viazi Novemba.

Spana ya kipimo niliiazima Igoma, nikaacha kitambulisho rehani.
Nilikaza themanini na nane.
Shigela akapiga stata.
Ikatema moshi mmoja mweusi, wa kinyongo cha zamani,
kisha ikanguruma, na nguruma yake haikuwa na kikohozi.

Jioni Nyamizi alitaka kuona alichonunua.
Akavaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili
kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani.
Lugha hakuuliza.
Aliuliza: "Na huyu mwenye dole, yeye kalipwa ngapi?"

Trekta lilikuwa tayari linashuka majarubani, taa moja imekufa.
Sikumjibu.
Akalaza daftari kwenye tairi la akiba, akaandika:
Kitabu, hakishikiki, 32,000/=.
Akapiga mstari chini yake.
Halafu chini ya mstari akaandika, Mwenye dole,
na safu ya shilingi
akaiacha tupu.