Mwenye Kope

Siku ya kumi leo, na hajala.
Kidole changu cha shahada ndio urefu wake,
na mkia uliotakiwa kunenepa kama ndizi kisukari
umebaki uzi.
Mkia ndio ghala lake, Raifa aliniambia,
akiishiwa mkiani, baba, basi.

Yeye yuko Tunguu, mwaka wa kwanza wa chuo.
Kaniachia sanduku la kioo, kurasa mbili za masharti
na kiumbe wa madoa aliyeachwa na daktari wa mifugo
siku alipohamishwa.
Mie fundi wa mafriji, Limbani, Wete.
Miaka ishirini na sita kazi yangu ni baridi.

Bi Shuwena wa jirani alichungulia, akashika mdomo:
"Kumbe unalisha kafiri? Hujui nani aliupuliza
moto wa Nabii Ibrahimu?"
Nikamwambia, mtazame macho.
Yule wa ukutani hana kope, hujilamba jicho kwa ulimi.
Huyu anapepesa.
Akatazama. Akapepesewa.
"Mjusi ni mjusi tu," akasema,
lakini jioni akaniletea mende watatu kwenye kopo la maziwa,
mdomo umefungwa kipande cha kanga.

Mende hakuwataka.
Funza wa unga hakuwataka.
Nikazunguka usiku na tochi nyuma ya kiwanja cha mpira
nikisikiliza chenene, na kila nikikaribia wananyamaza,
mtu mzima nimeinama mtaroni,
vijana wa keramu wakiuliza nimepoteza nini.
Hamu, nikasema. Si yangu.

Chenene nikawapaka unga wa mfupa wa dome
nilioutwanga kwenye kinu cha bizari,
nikawavunja miguu ya nyuma kama nilivyoagizwa,
Mungu anisamehe,
nikawaning'iniza kwa kibano mbele ya pua yake.
Akageuza uso, pole pole,
kama mgeni aliyeshiba kwingine.

Masharti yanasema asiguswe. Jana nikamgusa tumbo.
Baridi. Baridi ninayoijua mie,
ya chuma cha asubuhi.
Na mwenye tumbo baridi hasagi chakula
hata umpe pilau ya Idi.

Nyuma ya karakana lipo friji kuukuu la Bi Riziki,
linanguruma kutwa kucha likigandisha barafu za ubuyu,
na pale chini, penye mota,
joto linatoka bure, linakwenda zake.
Miaka ishirini na sita
nalitoa joto hilo mlango wa nyuma kama taka.
Nikasogeza sanduku, ubavu mmoja tu uguse,
wa pili ubaki na ubaridi wake akiutaka,
nikamfunikia kifuu chenye pengo, awe na mlango.
Kisha nikafanya kazi iliyonishinda siku zote tisa:
nikaondoka.

Saa nane ya usiku sikuvumilia, nikarudi.
Nimekaa gizani juu ya mtungi wa gesi, nimempa mgongo.
Kwanza mkwaruzo wa kucha kwenye karatasi.
Kisha kimya.
Nikaiba jicho moja, tochi nimeiziba kwa kiganja:
ncha ya mkia inatetemeka kama ya paka,
kichwa kimeinama,
tap.
Vipapasio vya chenene vikachezacheza mdomoni.
Akafumba macho yote mawili, akameza.

Nikampelekea Raifa neno moja: Kala.
Jibu likaja simu haijafika mfukoni:
Alhamdulillahi, baba!!
Saa nane ya usiku.
Nikaandika: Mbona uko macho?
Nikaandika: Na wewe umekula nini leo?
Alama mbili zikageuka buluu.
Anaandika. Kaacha. Anaandika.

Nimeweka chenene mwengine kwenye kifuniko cha chupa,
nimezima tochi,
simu nimeilaza kifudifudi juu ya friji.
Kutazamwa nako hukata hamu.