Pima Tena

Saa saba, kituo cha kununua majani ya chai,
mabati yanapiga kelele kwa mvua ya Kaimosi.
Kilo kumi na tisa, nasema.
"Pima tena," asema mzee Kefa Lugonzo.
Halaumu mzani, mzani ni mpya.
Ananilaumu mimi, kwa adabu, kofia mkononi.

Napima tena. Kumi na tisa.

Karani aliyenitangulia alikuwa mlevi,
akiandika tatu ikasomeka nane,
na hakuna aliyemwambia arudie.
Yeye hakuwahi kwenda kule.
Kule. Hawapataji jina,
wanaelekeza kidevu tu upande wa barabara ya lami.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kopo la sadaka chini ya sweta ya shule,
shilingi mia tisa na arobaini:
nazijua kwa kuwa korti ya Hamisi ilizihesabu kwa sauti
hadi sarafu ya mwisho.
Zilikuwa za nini, sitasema. Nilishasema mara moja,
na aliyepaswa kuandika
alikuwa anachonga penseli.

Miezi ishirini. Nilijifunza kushona vifungo,
kulala nimekumbatia viatu vyangu,
na hesabu, hesabu ilinipenda.
Siku ya kutoka wakaniambia: faili limefungwa, Kasandi,
ulikuwa mtoto, sheria inasahau.

Sheria haichoti maji chemchemini kwetu.
Pale faili li wazi,
linasomwa asubuhi madumu yakijaa,
nikitokeza konani
kila mtu anafunika ukurasa wake.

Basi sikilizeni hesabu yangu.
Kila gunia nalitolea nusu kilo, uzito wa gunia lenyewe.
Siku ya mvua natoa na kilo ya maji,
na hakuna anayenung'unika, maana wote wanajua
jani la mvua si zito kama linavyoonekana.
Mimi nilichumwa siku ya mvua.
Nani alinitolea maji?

Jioni, foleni imekwisha, akaja mjukuu wa Kefa,
Lung'aho, koo jembamba, magoti ya matope,
gunia moja, macho chini.
Nikatia mkono kati ya majani, kama inavyopasa,
vidole vikakuta jiwe.

Dereva wa lori alikuwa anawasha sigara.
Ningesema neno moja tu. Kijiji kingepata faili jipya,
na langu, nani ajuaye, lingepata vumbi kidogo.

Nililitoa jiwe nikalitia mfukoni mwa aproni.
Aproni ikainama upande mmoja.
Kilo kumi na moja, nikasema.
Mtoto hakusema pima tena.
Alichukua risiti akakimbia, hata asante hakuacha.

Sijui kama nimemsaidia. Labda kesho ataleta mawili.
Jiwe liko kwangu, nyuma ya mlango,
usiku upepo ukija mlango unalisukuma,
nalo halisogei.
Sijalipima.