Mfuko Uliogeuka Jiwe

Amukhoye hakuleta maneno, alileta jiwe.
Alilishusha kutoka kwenye pikapu, likatua tifu! mlangoni pangu:
mfuko wa saruji, karatasi bado mwilini,
umegandia umbo la pembe ya gari,
migongo ya bati imejichora ubavuni.
"Kifuniko hiki," akasema, "mwanangu alikituma kutoka ng'ambo.
Ukikigusa kinajikunja kama jongoo."
Akakigusa. Kikaenda nusu, kikakwama, kikalia.

Sikuanza na spana. Nilianza na jiwe.
Nililipapasa kama daktari apapasavyo tumbo:
hapa gumu, hapa gumu, hapa bado unga.
Basi maji yaliingilia mbele, nyuma ya kiti cha dereva,
kidogo kidogo, siku nyingi.
Mvua ya Kakamega haikosi kazini:
saa tisa imeripoti, saa kumi imepamba moto.

Nikatwaa uzi. Pembe hadi pembe, nikapiga fundo.
Nikageuza, pembe hadi pembe:
fundo likapita kwa upana wa kidole gumba.
Kidole gumba tu, Amukhoye!
Reli mbili zilizopaswa kwenda sambamba
zilikuwa zinakwepana kama ndugu waliogombea shamba.
Kumbe kifuniko kilikatiwa gari jingine,
dada ya hili, au binamu.
Kijana alikisia kwa picha ya simu:
babake mbele ya pikapu, anatabasamu,
ameziba nusu ya kipimo.

Vibano vinane nikalegeza.
Nikasukuma, nikapima, nikasukuma.
Uzi ukakubali.

Lakini kukaa sawa si kukaa kavu.

"Muhonja, ingia."
Akalala chali ndani, tochi kifuani,
nikamvutia kifuniko hadi mwisho. Klak.
Ndoo ya kwanza: kimya.
Ya pili: kikohozi.
Ya tatu: ngo! ngo! ngo!
"Fundi, yananidondokea sikioni!"

Nikafungua kasha la mbele,
nikakutana na kazi ya aliyenitangulia:
silikoni, silikoni, silikoni,
kapaka kama mtu anayekandika nyumba,
akaziba hata midomo ya mirija miwili
iliyowekwa makusudi maji yatokee.
Maji yakakosa mlango, yakatafuta dirisha.

Nikakwangua kwa kisu cha sukuma.
Nikapitisha njiti ya baiskeli ndani ya mrija,
ikatoka na tope jekundu, mbegu za mapera,
na nyuki mmoja, mkavu, mzima mabawa.
Raba mpya nikaikata ndefu kidogo,
maana raba husinyaa, na fundi bahili hurudiwa na kazi.

Ndoo ya nne sikuimwaga.
Wingu lilikuwa limeshavuka Lurambi.
Nikamwambia Muhonja atoke, akakataa:
"Niache nisikilize."

Tukajibanza chini ya bati, mimi na Amukhoye,
mvua ikatunyang'anya mazungumzo.
Muda si muda, chini ya gari,
kushoto, halafu kulia,
mirija ikaanza kukojoa.
Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka.
Akanipa simu nimpigie mwanawe picha,
akaanza kujipanga mbele ya gari, kama desturi yake,
akasita,
akasogea kando.

Jiwe hakulidai. Lipo, tunalikalia.

Na Muhonja hakugonga.
Mvua ilipokatika nikavuta kifuniko,
kikarudi taratibu, bila kulia.
Alikuwa amepitiwa na usingizi,
tochi inawaka bure,
sikio kavu.