Ngwe ya Sita

Kiwanda cha barafu pale Kibirizi kina mlango mmoja
unaofungwa kwa teke.
Humo ndani mimi na dada yangu tumepasua mabonge
miaka tisa, tukiwapimia wachuuzi wa migebuka.
Yeye Bukuru, mimi Butoyi:
alinitangulia duniani kwa dakika chache
na hajawahi kuacha kunikumbusha.

Barua ilipomfikia, imekunjwa mara nne,
alinisomea akiwa amekalia gunia la pumba.
Mbio za miguu, ngwe sita, juu ya uwanda wa barafu
usio na kijiji, usio na mti wa kumfungia mbuzi.
Unavuta hema lako, chakula chako,
hata choo chako unakivuta.
Nikacheka mpaka bonge likaniponyoka.
"Kwani hapa tunafanya nini?" akaniuliza.
"Tofauti ni kwamba kule hakuna mlango."

Mama hakuuliza baridi ikoje. Aliuliza ngwe.
Shambani Kiganza alikuwa akitupimia kwa kamba ya katani:
hapa mpaka kwenye kisiki, yako;
pale mpaka kwenye kichuguu, yake;
na jua halikuwa kisingizio.
"Sita," akasema. "Na kamba kashika nani?"

Basi Bukuru akajifunga tairi la trekta kiunoni,
Kibirizi hadi Ujiji, Ujiji hadi Kibirizi,
vumbi likimfuata kama mdai.
Watoto wa Mwanga walipanda juu ya tairi na miwa yao.
Hakuwashusha.
Waendesha bodaboda wakampigia honi:
Dada, gari lako lingine liko wapi?
Usiku alilala kwenye chumba cha mabonge,
nami nikakaa nje na ufunguo,
nikigonga kila saa;
akinitukana, najua yu hai.

Kisha akaenda.

Ngwe ya kwanza aliandika: *Huku hakuna harufu. Ya kitu chochote.*
Ya pili: *Kope zinagandana. Silii, ni upepo.*
Ya tatu: *Jua halizami, Butoyi. Nitaanzaje kusema jana?*

Ya nne, kimya. Siku tatu.
Nikaingia chumba cha baridi nikiwa na kaptula tu,
nikasimama, nikijua kabisa ni ujinga,
mashine ikinguruma, vidole vikiniaga kimoja kimoja,
mpaka mzee Ntahondi wa zamu akanitoa kwa sikio.

*Weupe ulifuta juu na chini,* ndivyo ulivyosema ujumbe.
*Nilivuta mtumbwi* (hivyo ndivyo anavyokiita
kile kigari chao kisicho na magurudumu)
*nikadhani nimesimama.
Ilibidi niteme mate nione yanaangukia wapi.*

Ngwe ya tano alichelewa dakika kumi na tisa.
Kulikuwa na mtu mwenye saa na kofia ya manyoya,
akamkata jina kwa adabu nyingi.
Ndege ya kuwachukua waliokatwa, keshokutwa.
Au aendelee, akipenda, bila kuhesabiwa.
Bukuru akaing'oa namba kifuani,
akaikunja mara nne,
akaitia mtumbwini, akavuta.

Nilimsomea mama akimenya mihogo.
Ganda moja refu, halikukatika.
"Ngwe ikilimwa imelimwa," akasema.
"Magugu hayaulizi daftari."

Alirudi kwa treni, nayo ilichelewa siku nzima,
tukacheka wote wawili pale stesheni.
Hakutaka kwenda nyumbani kwanza.
Aliingia kiwandani na begi mgongoni,
akaweka sikio juu ya bonge, akasikiliza muda mrefu.
"Hili linaongea," akasema.
Lile la kule? Alifikiri.
"Lile linakusikiliza wewe."
Nilitaka kuuliza zaidi,
lakini mchuuzi alikuwa nje akipiga kelele
kwamba migebuka yake inamwozea,
na Bukuru alikuwa amekwisha shika nyundo.

Bonge lilipotoka, akaupiga mlango teke,
kwa mguu wa vidole vinne,
akaguna.
Ukafunga.