Usiku wa Ishirini na Tisa

Kurasa sitini na moja, zimepigwa chapa, zimefungwa uzi.
Nimepanda nazo basi kutoka Kitangari,
nimezipakata kama mtoto mwenye homa,
ingawa ndani yake kaka yangu hasemi.
Kinachosema ni Kiingereza.
Abilahi Nandonde hajui Kiingereza.
Kizimbani alisema, "Nililigusa gunia,"
kalamu ya hakimu ikavuka na neno ng'ambo,
na kijana wa Mwalimu Chilumba aliponirudishia
sentensi moja moja, juu ya meza ya cherehani yangu,
neno lilikuwa limerudi na mzigo:
"Nililibeba gunia."

Lakini ukurasa wa kumi na nane ndio ulioninyima usingizi.
Shahidi wa pili, mlinzi wa ghala la chama:
alimtambua mshtakiwa kwa hatua ishirini
kwa msaada wa mbalamwezi.

Mbalamwezi.

Tarehe waliyoandika naijua.
Jioni ile tulisimama nyuma ya msikiti
tukiutafuta mwezi mwandamo wa Ramadhani,
watoto juu ya kichuguu wakizozana nani kauona,
na hakuna aliyeuona.
Shaabani ishirini na tisa.
Usiku koroboi ilizimika nikiwa uani,
nikajikwaa kwenye ndoo yangu mwenyewe,
maji ya kununua, ya siku mbili, yakanywewa na mchanga.
Nikalia kwa ajili ya maji.
Sikujua nitakuja kulilia lile giza.

Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni.
"Dada Somoe, hilo lingesemwa kule chini.
Rufaa haiiti mashahidi. Rufaa inasoma."
Nikamuuliza, hata mwezi nao lazima uape?
Akacheka kidogo,
akapiga mstari kwenye ukurasa wa thelathini na tatu.

Yeye alikuwa ameona kingine:
maelezo ya onyo, yale yenye dole gumba la kaka,
yalipokelewa kuwa kielelezo, yakatiwa ndani ya jalada,
na hakuna aliyeyasoma kwa sauti.
Basi. Ni hilo tu.

Mahakama Kuu, Mtwara. Feni inazunguka kwa kusuasua.
Abilahi ameletwa kutoka Lilungu,
kola imemzidi shingo.
Jaji anasoma bila haraka.
Kielelezo kinaondolewa kwenye kumbukumbu.
Na kuhusu shahidi wa pili, anasema,
shahidi huyo hakueleza
mbalamwezi ile ilikuwa na ukali kiasi gani.

Ukali kiasi gani!
Nililishika benchi kwa mikono yote miwili.
Mheshimiwa, ulimi wangu ulikuwa umeshasimama,
mheshimiwa, haikuwepo.
Askari akanitazama. Nikameza.

Hatia imebatilishwa. Adhabu imefutwa.
Aachiwe, isipokuwa kama anashikiliwa
kwa sababu nyingine halali.
Tulilia, nisidanganye. Tulinunua soda.
Tulinunua hata korosho za kukaanga, pakiti ndogo,
kwa mtu asiyetujua,
na kaka akazihesabu kabla ya kula.

Majirani nao wanajua kusoma hukumu.
Kitangari wanasema: karatasi ndiyo iliyomtoa.
Hawasemi hakuiba. Hata jaji hakusema.
Katibu wa chama amenunua kufuli jipya,
na Abilahi akipita pale hupita upande wa pili wa barabara,
mikono nje ya mifuko, vidole vimeachana,
kama mtu anayekausha rangi.

Alikaa miaka miwili na miezi minne.
Mwaka huu tumesimama tena nyuma ya msikiti,
shingo juu, watoto wengine, kichuguu kilekile.
Akanisogelea.
"Somoe, unauona?"
Nikamnong'oneza: sioni kitu.
"Sema kwa sauti," akasema.